Bango la Mgombea na Amani ya Ua

Hotuba ya Afisa wa Mahusiano ya Umma wa Polisi katika mkutano wa polisi na jamii, mpaka wa Uganda na Kenya

 

Mara nyingi tunapoitisha mikutano ya namna hii, mnatarajia tuzungumze juu ya magendo, wizi wa mifugo au vijana wanaopotelea kwenye njia za panya. Hayo bado yapo, nasi hatujayasahau. Leo, hata hivyo, tumekuja kuzungumza juu ya karatasi. Tunazungumzia ile picha ya mgombea inayobandikwa mlangoni, dirishani, ukutani au kwenye uzio wa nyumba msimu wa uchaguzi unapofika. Huenda wapo watakaosema kwamba polisi wamekosa kazi. Tunawaomba mtusikilize kwanza, kwa kuwa nasi tuliwahi kufikiri hivyo, na kufikiri huko kulitugharimu.

Katika msimu mmoja wa kampeni uliopita, kwenye mji mmoja wa mpakani ambao hatutautaja, palikuwa na nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane vilivyoangaliana, ua mmoja na bomba moja la maji. Katika chumba kimoja aliishi mama mmoja muuza dagaa pamoja na mwanawe wa miaka kumi na tisa. Chumba cha pili kutoka kwake kilikuwa cha kijana mwendesha bodaboda na mdogo wake. Mama alikuwa na mgombea wake, na kijana wa bodaboda alikuwa na wake. Kila mmoja alibandika picha ya mtu wake karibu na mlango. Walitaniana kwa siku chache, kama majirani wanavyotaniana. Kisha asubuhi moja mama aliamka akakuta picha yake imebanduliwa.

Mama yule alifanya lile ambalo sisi polisi tunawasihi wananchi kila siku wafanye. Hakupiga kelele wala hakumshika mtu shati. Alijifunga kanga yake, akaja kituoni kutoa taarifa. Mwenzetu aliyekuwa zamu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwambia, "Mama, hiyo ni karatasi tu. Nenda ukabandike nyingine." Hakuandika chochote katika daftari la matukio, wala hakuuliza swali lolote.

Mama alibandika nyingine, nayo ikabanduliwa. Alibandika ya tatu, ikabanduliwa vilevile. Jioni ya siku hiyo mwanawe alikwenda akairarua picha ya jirani mbele ya macho yake. Kabla ya saa sita usiku, panga lilikuwa limetoka ndani. Kijana mmoja alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwingine alilala rumande, na kesi yake ilichukua muda kuliko kampeni yenyewe.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipoanza kuuliza maswali ambayo tungepaswa kuyauliza siku ya kwanza. Tuligundua kwamba kijana wa bodaboda hakuwa amezigusa picha za mama. Aliyezibandua ni mwenye nyumba. Alikuwa amepaka kuta rangi mpya miezi michache kabla, na gundi ya unga ilikuwa ikiiharibu. Alikuwa akipita alfajiri kuangalia bomba, na kila alipokuta picha juu ya rangi yake aliibandua. Ya yule kijana ilisalimika kwa sababu ilibandikwa juu ya mbao za mlango na si juu ya rangi ya ukuta. Mwenye nyumba hakumwambia mpangaji yeyote. Alidhani kila mtu anajua. Mama alidhani ni siasa. Mwana wa mama alidhani ni jirani. Sisi tulidhani ni karatasi.

Swali moja la askari wa zamu, "Mama, picha ilibandikwa wapi, na nyumba ni ya nani?", lingetosha kuwaokoa vijana wale. Hatukuliuliza. Mama yule ameturuhusu kulisimulia jambo hili bila kutaja jina lake. Tulikwenda kwake kumwomba radhi, na leo tunairudia radhi hiyo mbele yenu.

Katika mkutano wetu uliopita, kijana mmoja aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake siku ile. Alisema ana kaka yake anayeishi Texas, Marekani, na kwamba kaka huyo alipokea barua kutoka kwa kamati ya mtaa wao inayomtaka aondoe kibao cha mgombea alichosimika kwenye bustani ya nyumba yake, la sivyo atatozwa faini. Kijana akauliza: inawezekanaje nchi inayojivunia uhuru wa kusema imzuie mtu kusema katika ua wake mwenyewe? Tuliahidi kulitafutia jibu. Tulipolipata, tuliona kwamba linafanana na habari ya yule mama kuliko tulivyotarajia.

Huko Marekani, mamilioni ya watu, wanaozidi milioni 70, wanaishi katika mitaa inayosimamiwa na jumuiya za wamiliki wa nyumba. Jumuiya hizo si serikali. Ni vyama vya wakazi wenyewe. Mtu anaponunua nyumba katika mtaa wa namna hiyo, anakuwa mwanachama moja kwa moja, na kanuni za mtaa zinafungamana na hati ya nyumba yake. Analipa ada ya kutunza njia, bustani na mabwawa ya kuogelea. Anachagua kamati. Kamati ina uwezo wa kusema rangi gani ipakwe, uzio uwe wa kimo gani, majani yakatwe lini, na mara nyingi pia ni mabango gani yanaruhusiwa kuonekana. Anayekaidi huandikiwa barua, kisha hutozwa faini, na asipolipa deni hilo linaweza kuishikilia nyumba yake.

Msimu wa uchaguzi unapofika, Wamarekani husimika vibao vidogo vya wagombea kwenye majani ya mbele ya nyumba zao. Ni desturi yao ya muda mrefu, kama ilivyo kwetu kubandika picha mlangoni. Basi ugomvi huzuka. Mmoja anasema, "Huu ni ua wangu, na huyu ni mgombea wangu." Mwingine anajibu, "Ulipoingia mtaa huu ulitia saini kanuni zetu." Wote wawili wana neno, na ndiyo maana mashauri ya aina hii yamefika hadi mahakama za juu.

Tuanze na shauri ambalo halikuhusu jumuiya ya wamiliki bali halmashauri ya mji, kwa sababu ndani yake wamo polisi wenzetu. Mnamo Desemba 1990, vita vya Ghuba vikiwa vinakaribia, mwanamke mmoja aitwaye Margaret Gilleo, mkazi wa mji wa Ladue karibu na St. Louis katika jimbo la Missouri, alisimika mbele ya nyumba yake kibao cha inchi 24 kwa 36 kinachopinga vita. Kibao kilitoweka. Alisimika kingine, nacho akakikuta kimeangushwa chini. Akaenda polisi kutoa taarifa. Polisi walimjibu kwamba vibao vya aina hiyo vimepigwa marufuku katika mji wa Ladue.

Tulipoisoma habari hiyo, ofisi yetu ilikaa kimya kidogo. Mama wa dagaa na Bibi Gilleo wako mbali kwa bahari na mabara, lakini wote wawili walikwenda kituoni wakiwa wametendewa jambo, na wote wawili walirudi nyumbani bila jambo hilo kushughulikiwa.

Bibi Gilleo hakurudi kusimika cha tatu wala kumtuma mtu kulipiza kisasi. Alikwenda mahakamani. Baadaye alibandika dirishani, ghorofa ya pili, karatasi yenye ukubwa wa kawaida wa kuandikia, iliyoomba amani katika Ghuba. Mji nao ukatunga kanuni mpya ya kuizuia hata hiyo. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 majaji wote tisa walikubaliana kwamba mji ulikosea. Hukumu iliandikwa na Jaji John Paul Stevens. Alieleza kwamba kibao cha nyumbani ni njia rahisi ya kusema ambayo hata mtu asiye na fedha ya kununua tangazo anaimudu, na kwamba maneno yaliyowekwa mbele ya nyumba ya mtu yana uzito wake wa pekee, kwa kuwa yanamwonyesha msemaji ni nani na anaishi wapi.

Mkilitazama vema, neno hilo la mwisho ndilo linaloeleza pia kwa nini karatasi huleta damu. Bango la barabarani limewekwa na chama, nasi tunalipita bila kuligeukia. Picha ya mlangoni imewekwa na jirani, mtu unayechota naye maji. Anayeiondoa haonekani kuwa ameondoa picha ya mgombea, huonekana kuwa amemvunjia heshima mwenye mlango.

Hukumu ya Ladue, hata hivyo, iliifunga serikali ya mji. Haikuzifunga jumuiya za wamiliki wa nyumba, kwa kuwa katiba yao, katika sehemu hii, huizuia serikali na si vyama vya watu binafsi. Ndiyo sababu yule kaka wa Texas aliweza kupokea barua. Majimbo yakalazimika kutafuta njia, kila moja kwa namna yake.

Katika jimbo la New Jersey upo mtaa uitwao Twin Rivers, wenye wakazi wapatao 10,000. Jumuiya yao iliruhusu kibao kimoja katika kila dirisha na kimoja kwenye maua, kisichozidi futi 3 kutoka ukuta wa nyumba. Baadhi ya wakazi walishtaki wakisema wamebanwa mno. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya jimbo ilisema kanuni hiyo inavumilika, kwa sababu mtu bado alikuwa na mahali pa kusemea. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 2012, mahakama hiyohiyo ilipokea shauri la Wasim Khan, aliyekuwa akigombea udiwani katika mji wa Parsippany. Khan aliweka mabango mawili ya kampeni yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, moja dirishani na jingine mlangoni. Jumuiya ilimwamuru ayaondoe, kwa kuwa kanuni zake hazikuruhusu bango lolote isipokuwa la kutangaza kwamba nyumba inauzwa. Safari hii mahakama ilimpa haki mwenye nyumba. Kuweka mipaka kunakubalika, ilisema, lakini kumziba mtu mdomo karibu kabisa ndani ya nyumba yake hakukubaliki.

Texas, alikoishi kaka wa yule kijana, walichagua njia nyingine. Bunge lao lilitunga sheria inayozizuia jumuiya kukataza vibao vya wagombea kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi hadi siku 10 baada yake. Papo hapo sheria ikazipa jumuiya haki zao: zinaweza kudai kibao kimoja tu kwa kila mgombea, kiwe kimesimikwa ardhini, kisizidi futi 4 kwa 6, kisichorwe juu ya jengo, na kisiwe na muziki wala mapambo ya kuwapoteza madereva. Kwa hiyo jibu letu kwa kijana ni hili: kaka yake aitazame tarehe ya barua na aupime ukubwa wa kibao chake. Ikiwa yumo ndani ya siku hizo na kibao chake hakikuvuka vipimo, sheria iko upande wake. Kama amekisimika mwaka mzima kabla ya uchaguzi, kamati ina haki ya kumwandikia.

Maryland nao wana sheria inayofanana na hiyo, ila siku zao ni 30 kabla na 7 baada ya uchaguzi. California wao wanaangalia zaidi ukubwa. Hatuwasomei haya ili mfikiri kwamba watu wa mbali wana akili kuliko sisi. Nao waligombana, wakang'oleana vibao usiku, wakapelekana mahakamani. Tunayaleta kwa sababu katika mashauri hayo yote kuna mambo machache yanayojirudia, nayo yanatufaa hapa.

La kwanza ni kwamba kanuni ijulikane kabla ya ugomvi. Hata ile ya Twin Rivers, waliyoilalamikia wengine, ilikuwa imeandikwa na kila mkazi angeweza kuisoma. Mwenye nyumba wetu alikuwa na kanuni kichwani mwake. La pili, kanuni iwe moja kwa wote. Haiwezekani picha ya mgombea mmoja ikaachwa kwa kuwa kamati inampenda, ya mwingine ikabanduliwa kwa jina la usafi. La tatu, iwe na mwanzo na mwisho. Picha zinazoendelea kuning'inia miezi baada ya matokeo huendeleza uchaguzi ambao umekwisha. La nne, abakiziwe kila mtu mahali pa kusemea, hata kama ni dirisha moja.

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inampa kila mtu uhuru wa kusema na kutoa maoni. Ibara ya 26 inailinda mali ya mtu, na ibara ya 27 inailinda faragha ya makazi yake. Ibara hizo tatu hukutana ukutani pale mpangaji anapobandika picha juu ya rangi ya mwenye nyumba, na hakuna moja inayoimeza nyingine.

Kwa wenye nyumba tunasema hivi. Ukuta wa nje ni mali yako, na una haki ya kusema picha zisibandikwe juu ya rangi yako. Iseme haki hiyo mchana, mbele ya wapangaji wote, kabla ya kampeni kuanza. Uwaonyeshe na mahali wanapoweza kuweka, iwe ni mbao za mlango, dirisha la ndani au kamba ya uzio. Usibandue usiku. Na mpangaji asiyekubaliana nawe kisiasa hawezi kutupiwa vyombo nje kwa sababu hiyo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya kumwondoa mpangaji. Mgombea wako akishinda au akishindwa, sheria hiyo itabaki palepale.

Kwa wapangaji tunasema: omba ruhusa kabla ya kupaka gundi kwenye ukuta usio wako. Ndani ya chumba chako weka picha ya umpendaye, hakuna atakayekuuliza. Ukipewa fedha au fulana na wakala wa mgombea ili ubandike picha kwenye mlango wa jirani aliyesafiri, kataa. Atakaporudi, wakala hatakuwepo. Utakuwepo wewe.

Kwa vijana wa kampeni: nguzo za umeme, alama za barabarani, kuta za shule, za zahanati, za misikiti na makanisa si zenu. Majengo ya forodha na uhamiaji si mahali pa kampeni hata kidogo. Dereva wa lori asiyeiona alama ya kusimama kwa sababu imefunikwa na uso wa mgombea hataweza kuulaumu uso huo baada ya ajali.

Tunao pia wajibu wa kuzungumzia jambo ambalo miji ya ndani ya nchi hailijui. Sisi tunaishi mahali ambapo barabara moja ina nchi mbili. Jirani zetu wa Kenya wana uchaguzi wao, nasi tuna wetu, na picha huvuka mpaka bila pasipoti. Duka la upande huu lina picha ya mgombea wa upande ule kwa sababu mwenye duka ameoa huko. Hilo peke yake si kosa la kumfanya mtu aitwe jasusi au msaliti, nasi hatutapokea mashtaka ya namna hiyo. Hata hivyo, kura ni ya raia aliyeandikishwa katika nchi yake. Kijana anayevuka mto usiku ili akabandue picha za watu ambao si wagombea wake, katika nchi ambayo si yake, anajitafutia kosa katika nchi zote mbili.

Wengi wenu mnakumbuka Januari 2008. Maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba wakikimbia ghasia zilizofuata uchaguzi nchini Kenya, wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Baadhi yao walipokelewa katika nyumba zenu kabla ya kupelekwa kambi ya Mulanda, wilayani Tororo. Mliwapokea bila kuwauliza walimpigia nani kura. Waliwasimulia wenyewe jinsi majirani wa miaka mingi walivyogeukiana. Hatudai kwamba ghasia zile zilianzia kwenye bango. Tunasema tu kwamba mtu anayezoea kuona mlango wa jirani yake kuwa ni mlango wa adui huwa ameanza kuizoea safari ile.

Je, picha yako ikibanduliwa, ufanye nini? Usibandue ya mwenzako. Acha mahali pale palivyo, na ukiwa na simu piga picha. Muulize kwanza mwenye nyumba, kisha mwenyekiti wa kijiji. Ikiwa hakuna aliyekuwa na haki ya kuiondoa, njoo kituoni. Kuharibu mabango ya wagombea ni kosa katika sheria zetu za uchaguzi, na kuharibu mali ya mtu ni kosa katika sheria ya makosa ya jinai. Kukiwa na tishio la mapigano, usingoje asubuhi, piga 999 au 112.

Nasi tuna wajibu wetu, na tunautaja hadharani ili mtudai. Askari wa zamu ataiandika taarifa yako katika daftari la matukio na kukupa namba yake. Huduma hiyo hailipiwi. Atakuuliza picha ilikuwa wapi, nyumba ni ya nani, na nani mwingine alipoteza yake. Hatakuuliza chama chako. Askari hana ruhusa ya kubandua picha ya mgombea kwa sababu hampendi, wala kuilinda kwa sababu anampenda. Mkimwona askari akifanya hivyo, leteni jina lake au namba yake katika ofisi yetu. Na iwapo mtu yeyote kwenye kaunta zetu atawaambia tena kwamba hiyo ni karatasi tu, tafadhalini muombeni aiandike karatasi hiyo kwenye daftari.

Tuna ombi moja la kumalizia. Kabla ya kampeni zijazo, kila ua wenye wapangaji wengi ukae kikao kimoja, hata cha nusu saa, mwenye nyumba akiwepo. Kubalianeni mahali pa kubandika, ukubwa wa picha, siku ya kuanza na siku ya kuondoa. Anayebandika ndiye anayebandua, na anasafisha gundi yake. Andikeni kwenye daftari la shule, kila chumba kitie saini, nakala moja abaki nayo mwenyekiti wa kijiji. Hatutaki ada, wala hatutaki kamati za kutoza faini. Tunataka tu kila mtu ajue mapema lile ambalo yule mwenye nyumba hakulisema. Maafisa wetu wa polisi jamii wako tayari kuhudhuria vikao hivyo mkiwaita.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wagombea wale wawili, wa mama na wa kijana wa bodaboda, hawakupata kuujua ua ule. Hakuna aliyefika hospitali. Mama bado anauza dagaa, na kijana wa bodaboda bado anapanga pale. Tulipowatembelea, tulikuta wanachota maji kwenye bomba lilelile, mmoja alfajiri na mwingine jioni, ili wasikutane. Mwenyekiti wa kijiji na shehe wa msikiti wa jirani wamekuwa wakikaa nao. Mara ya mwisho walikunywa chai pamoja, ingawa hawakuzungumza sana. Tunaendelea kuwafuatilia, na tunaomba muwakumbuke katika dua na sala zenu.

 Wenye maswali tunawakaribisha sasa, na wale wasiopenda kuuliza mbele ya watu watatukuta hapa chini ya mwembe hadi saa kumi.

Kwa ajili ya Mungu na Nchi Yangu.